Kikosi cha Watu 11: Namna ya Kutoa Timu Visiwani Lamu hadi Mashindano ya Michezo Mingi

Tarehe 3 Agosti 2024, jijini Paris, visiwa viwili vidogo vya Karibi vilipata medali zao za kwanza kabisa za Olimpiki, na zote mbili zilikuwa dhahabu. Thea LaFond wa Dominica aliruka hatua tatu akafika mita 15.02, na Julien Alfred wa Saint Lucia akashinda mbio za mita 100 kwa sekunde 10.72. Dominica ina watu wapatao 70,000. Kaunti ya Lamu, pwani ya Kenya, kwa sensa ya 2019, ina watu 143,920. Ukikusanya Amu (kisiwa cha Lamu chenyewe), Pate, Manda, Kiwayu na upande wa bara, Lamu ni Dominica mbili.

Ni kweli wanawake hao wawili walinolewa Marekani, na viwanja vya namna ile havipo kwetu. Lakini iko kazi nyingine ambayo timu za visiwa vidogo huifanya kabla mchezaji hajavaa viatu, na hiyo haitaki viwanja vya fahari: kuchagua michezo inayowezekana, kujaza fomu sawasawa, kuvuka maji kwa wakati, kumfikisha kijana mlangoni kabla jina lake halijaitwa. Nchi kubwa ikipoteza mkimbiaji mmoja kwa kosa la fomu, ina wengine saba. Kikosi cha kisiwani kikimpoteza huyo mmoja, kimepoteza mchezo mzima.

Maelezo haya ni ya kamati za michezo za Amu, Shela, Matondoni, Siyu, Faza na Kizingitini zinazotaka kupeleka vijana kwenye michezo ya kanda, ya kitaifa na mbele ya hapo. Hesabu zote zimepigwa kwa kikosi cha watu 11: wachezaji 8 na viongozi 3.

Chagueni michezo michache

Kandanda ndiyo inayojaza uwanja kwetu, na hakuna anayetaka kuambiwa aiache nyumbani. Lakini timu moja ya kandanda ina wachezaji 18 pamoja na viongozi wao, na nauli yake inatosha kupeleka vikosi viwili vya michezo ya mtu mmoja mmoja. Nauru ilipeleka mchezaji mmoja tu Paris, Tuvalu wawili, na wote watatu walikimbia mita 100. Nchi hizo zina njia ambayo Lamu haina: kanuni za riadha za Olimpiki huruhusu nchi isiyo na mchezaji yeyote aliyefuzu kuleta mchezaji bila kufikia kipimo. Sisi huingia kwa muda na vipimo vyetu, kwa hivyo hatuna budi kuchagua pale ambapo mazoezi ya hapa kwetu yanaweza kuzaa kipimo cha kweli.

Mfano unaotufaa zaidi ni Vanuatu. Wanawake wake wa voliboli ya ufukweni walipata shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018, na tena 2022. Timu ni ya watu wawili. Vifaa ni wavu, mpira na mchanga, na mchanga wa Shela kila mtu anaujua.

Kwa wachezaji 8, mgawanyo unaowezekana ni huu: wakimbiaji wa mbio fupi wawili, mrushaji mmoja, mruka umbali mmoja, jozi moja ya voliboli ya ufukweni, na waogeleaji wawili. Mrukaji na wakimbiaji wanaweza kusaidiana, lakini msimwandikishe mtu mmoja mashindano matatu kwa sababu tu nafasi ipo. Siku ya pili miguu hukataa, na kijana aliyekuwa wa nne kwenye shindano lake la kweli anamaliza wa nane kila mahali.

Kwa kipimo cha kujilinganisha, acheni muda wa Olimpiki. Tazameni matokeo ya Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, iliyoanza Réunion mwaka 1979 na ambayo Komoro imepangiwa kuiandaa 2027. Hapo wako Komoro, Shelisheli, Morisi, Madagaska, Maldivi, Mayotte na Réunion. Kijana wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, amekulia joto lile lile na bahari ile ile, na muda wake unaeleza zaidi mko wapi kuliko muda wa Mmarekani.

Kupima uwanja pasipokuwa na uwanja

Njia kamili ya mita 400 ina sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja na nusu duara mbili. Hata mkichora njia moja tu, inataka nafasi ya mita 160 kwa 76, na viwanja vyetu vya mpira havifiki hapo. Choreni ya mita 200, ambayo inaingia kwenye mita 84 kwa 34:

1. Pigeni vigingi viwili katikati ya uwanja, mita 50 kutoka kimoja hadi kingine, kwa utepe wa kupimia.
2. Kutoka kila kigingi chora nusu duara ya nje kwa mita 15.72, mkimwaga chokaa.
3. Unganisheni ncha za nusu duara kwa mistari miwili iliyonyooka. Kila mmoja lazima utoke mita 50. Ukitoka 49.60 au 50.40, nusu duara mojawapo imekaa upande.
4. Hakikisheni pembe ya mraba kwenye vigingi kwa pembetatu ya mita 6, 8 na 10.

Mbona 15.72 na si 15.92? Kwa sababu pasipokuwa na ukingo ulioinuka, urefu wa njia ya kwanza hupimwa sentimita 20 nje ya mstari, pale mguu unapopita. Msitumie kamba ya nailoni. Ikivutika sentimita 10 tu, mzunguko mzima unaongezeka zaidi ya nusu mita, kisha mnadhani kijana amezorota. Na kona za njia hii ni kali: muda wa mita 400 uliochukuliwa hapo utakuwa mbaya kuliko wa uwanja kamili. Itumieni kwa mazoezi, msiutumie muda wake kwenye fomu.

Kwa mita 100, ufukwe wakati maji yamekupwa ni mzuri kuliko uwanja wenye mashimo. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kati ya saa nne na saa sita mchana, na mchanga mgumu huwa mpana. Ufukwe umelala upande, kwa hivyo mguu wa upande wa bahari hushuka zaidi. Mazoezi yakiwa ya kuelekea upande mmoja kila siku, nyonga na ugoko huanza kuuma wiki ya tatu. Kimbieni kwenda na kurudi kwa idadi sawa.

Upepo nao hudanganya. Kusi ikivuma mgongoni, kijana wa sekunde 11.6 anatoka 11.2, na kijiji kizima kinashangilia muda wa upepo. Mpimeni pande mbili, mmpumzishe vya kutosha katikati, na mchukue muda ulio mbaya.

Mwenye saa aanze kuihesabu anapoona bendera ikishuka au moshi, asingoje mlio. Mlio husafiri mita kama 340 kwa sekunde, kwa hivyo humfikia aliyesimama mita 100 mbali akiwa amechelewa karibu sekunde 0.3, na mchezaji anapewa zawadi asiyoistahili. Muda wa saa ya mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, na fomu ikitaka muda wa mashine mnaongeza 0.24 kwa mita 100 na 200, na 0.14 kwa mita 400. Kijana wa 11.3 ya mkono ni 11.54. Andikeni hivyo. Ukiandika 11.3 kavu, atapangwa kundi la wenye kasi, na huko atakimbia kwa hofu.

Warushaji: tufe la wanawake ni kilo 4, la wanaume kilo 7.26, la wavulana chini ya miaka 20 kilo 6. Chini ya miaka 18, wavulana hurusha kilo 5 na wasichana kilo 3. Jiwe lililokadiriwa kwa mkono halifai. Uzito ukipungua nusu kilo, mkono hujifunza kasi ambayo haitapatikana siku ya siku. Nendeni na tufe au jiwe lenu kwa muuza samaki mwenye mizani mkalipime.

Voliboli ya ufukweni na kuogelea

Uwanja wa voliboli ya ufukweni ni mita 16 kwa 8, na mchanga wa kina kisichopungua sentimita 40. Wavu ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Mpira wake hujazwa upepo kidogo kuliko ule wa ndani, kati ya 0.175 na 0.225 kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba. Mpira wa shuleni uliojazwa hadi 0.3 hufundisha mikono mambo ya uongo.

Wachezaji waliotoka voliboli ya kawaida huanguka kwenye mambo matatu. La kwanza, ufukweni hairuhusiwi kuudokoa mpira kwa ncha za vidole zilizofunguka kwenda upande wa pili. Tumieni kifundo cha vidole au kiganja kigumu. La pili, mguso wa kuzuia wavuni unahesabiwa kuwa mguso wa kwanza, kwa hivyo imebaki miwili. La tatu, pande hubadilishwa kila baada ya pointi 7, na kila 5 kwenye seti ya tatu. Mbinu ya upepo iliyokufaa sasa hivi itakuwa ya mpinzani punde. Fanyeni mazoezi kwenye upepo wa alasiri, msiukimbie.

Wasichana wa Amu na Pate wanaotaka kucheza wamejistiri wana njia iliyo wazi. Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki ya Rio 2016 akiwa amevaa hijabu, suruali na mikono mirefu. Kwenye kuogelea mambo ni tofauti, kwa sababu kanuni za mavazi ya bwawani ni kali juu ya kufunika shingo, mabega na chini ya goti. Waandikieni wasimamizi miezi miwili mbele na mpate jibu la maandishi. Ahadi ya mdomo iliyotolewa kwa simu haimsaidii msichana aliyesimama mbele ya refa.

Waogeleaji wetu wana mapafu na mabega, lakini bahari imewalea vibaya kwa mambo mawili. Maji ya chumvi hubeba miguu. Kwenye maji ya bwawa yasiyo na chumvi miguu hushuka, na mwili unavuta kama nanga. Pia baharini hakuna kugeuka. Mita 100 kwenye bwawa la mita 50 zina kugeuka kumoja, na kwenye bwawa la 25 ni tatu. Asiyejua kugeuka hupoteza sekunde nzima kila mara. Muogeleaji wa mtindo wa kifua na wa kipepeo lazima waguse ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja. Mkono mmoja ukitangulia, umetolewa, hata ukiwa wa kwanza. Tafuteni bwawa la hoteli, hapa Amu au Malindi, kwa siku zisizopungua sita kabla ya mashindano, mzitumie kwa kugeuka na kuanza tu. Msiruhusu kupiga mbizi ya kuanzia kwenye bwawa lisilofika mita 1.35 upande wa kuanzia. Mabwawa mengi ya hoteli ni ya kina cha kiuno, na shingo ikivunjika haiungwi.

Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 Sydney mwaka 2000 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, akiwa amejifunzia kwenye bwawa la hoteli. Aliogelea peke yake kwa sababu wenzake wawili wa kundi lake walitolewa kwa kuanza mapema. Ulimwengu umeukumbuka muda wake. Mwalimu wa kuogelea akumbuke wale wawili: kuruka kabla ya mlio mara moja tu kunatosha kukutoa, na kwenye riadha ni vivyo hivyo tangu 2010.

Makaratasi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila mchezaji awe na bahasha yake ya plastiki yenye nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au barua ya shule, picha 4 za pasipoti, barua ya idhini ya mzazi iliyotiwa sahihi, karatasi ya maradhi na mizio aliyonayo, na uthibitisho wa usajili wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii). Nakala ya pili ya kila kitu ibaki kwa mkuu wa msafara, na picha zake ziwe kwenye simu mbili tofauti.

Majina ni donda letu. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja barazani, lakini kwenye kompyuta ya usajili ni watu watatu. Mwanaisha na Mwana Aisha vilevile. Athman na Athumani vilevile. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwa safari ya nje kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama shuleni anaitwa vingine na hata kama cheti chenyewe kimekosea. Kurekebisha cheti ni kazi ya mwaka mzima, si ya wiki ya usajili. Mtu mmoja achape, mwingine asome herufi kwa sauti kutoka kwenye cheti. Anayechapa asijikague mwenyewe, maana jicho husoma linachokitarajia.

Tarehe: 03/07 ni Julai kwetu, lakini fomu nyingine huanza na mwezi, na hapo inakuwa Machi. Umri wa riadha hupimwa kwa mwaka, tarehe 31 Desemba. Kwa mashindano ya 2026, walio chini ya 18 ni waliozaliwa 2009 na 2010, na walio chini ya 20 ni wa 2007 na 2008. Michezo mingine ina siku yake ya kukata umri, na mara nyingine mchezaji mdogo zaidi huruhusiwa kupanda. Someni kanuni za mashindano yenyewe, kila mchezo peke yake. Kudanganya umri hakumpi kijana chochote isipokuwa kufungiwa, na timu nzima hupoteza jina.

Usajili huja kwa hatua: kwanza idadi ya wachezaji kwa kila mchezo, kisha majina, kisha uthibitisho wa mwisho. Idadi ikishapita, huwezi kuongeza mtu, hata awe nani. Andikisheni hatua ya kwanza kwa ukarimu na ya pili kwa ubahili. Kwa safari ya nje, pasipoti zianzwe kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, angalau miezi mitatu kabla. Wa chini ya miaka 18 wanahitaji nyaraka na idhini ya wazazi, na baba akiwa baharini au Arabuni sahihi yake haipatikani kwa siku moja. Hiyo ndiyo sahihi ya kuitafuta kwanza, kabla ya jezi, kabla ya nauli.

Viongozi watatu wawe: mkuu wa msafara, ambaye ndiye mwenye makaratasi na fedha; mwalimu wa michezo; na mama msimamizi, ambaye pia amesomea huduma ya kwanza. Bila mama huyo familia nyingi hazitatoa binti, na zina haki. Asiwe mke wa kiongozi aliyeletwa kutembea. Awe mtu anayejua ratiba na anayeweza kumsindikiza msichana hadi mlango wa wito, pale wachezaji wanapoitwa majina kabla ya kuingia kushindana.

Dawa, miraa na chakula

Kamati nyingi hazijui kwamba miraa na muguka vinaweza kumfungia mchezaji. Mmea huo una kathinoni na kathini. Kathinoni imepigwa marufuku siku za mashindano, na kathini ikizidi kiwango cha mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo ni kosa. Kijana aliyetafuna usiku wa safari ili asilale garini ameshajiweka hatarini. Bangi ni marufuku siku za mashindano. Tramadol imo kwenye orodha ya marufuku tangu tarehe 1 Januari 2024, na watu huipata kirahisi kwa maumivu ya mgongo. Dawa nyingine za mafua zina sudoefedrini. Amri iwe moja: hakuna kidonge kinachomezwa bila mama msimamizi kukiandika kwenye daftari, na mwenye pumu au kisukari apeleke barua ya daktari mapema ili ombi la kutumia dawa yake lishughulikiwe kabla ya safari.

Chakula kizito kiliwe saa tatu hadi nne kabla ya kushindana: wali, viazi au chapati, na samaki kidogo. Mbaazi za nazi ni tamu lakini ziwe za jioni baada ya kumaliza. Kwa watu 11 na siku 6, mnahitaji sahani 198, na maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu kwa siku ni lita 198 vilevile. Mkiambiwa chakula kipo, ulizeni saa ngapi jiko linafunguliwa. Mchezaji wa asubuhi akikuta jiko limefungwa atakimbia na njaa, kwa hivyo bebeni mahamri, tende na ndizi za siku mbili.

Kuvuka maji

Kikosi chenye vijana wa Faza au Siyu kina safari mbili za bahari kabla ya basi. Mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa tu. Siku za bamvua hujaa alfajiri na alasiri, siku za maji mafu saa zinageuka. Muulizeni nahodha, msiangalie saa ya simu. Chombo kikikwama mchangani, mnangoja maji yarudi na basi halingoji. Njia salama ni vijana wa Pate kulala Amu usiku wa kabla. Ni gharama ya chakula cha usiku mmoja, na inaokoa nauli ya basi zima.

Kila mtu jaketi ya kuokolea mwilini, siyo chini ya kiti. Makaratasi na fedha ziwe kwenye mtungi wa plastiki wenye mfuniko wa kubana, ukabebwa na mtu mmoja anayejulikana. Vaeni nguo za safari. Jezi za mashindano zisivaliwe mashuani, chumvi ya maji huzikaza na mshono hukata mapaja.

Kutoka Mokowe hadi Mombasa ni kilomita kama 340, na njiani kuna vizuizi vya usalama. Wenye vitambulisho wawe navyo mfukoni, na walio wadogo wawe na barua ya shule yenye majina yao yote pamoja na nakala za vyeti. Mkuki wa wanaume ni kama mita 2.65 na hauingii kwenye buti la basi. Uingizeni kwenye bomba la plastiki la mita 3, uzibwe ncha zote mbili, ufungwe juu. Mkienda kwa ndege kutoka Manda, kikomo cha mzigo kwenye ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, na mkuki hautapanda. Waulizeni waandaaji kama wana vifaa vyao, aghalabu wanavyo.

Mashindano yakiwa Nairobi au Eldoret, kumbukeni kwamba mmetoka usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Mkimbiaji wa mita 100 hatadhurika, hewa nyepesi hata humsaidia. Wa mita 1,500 ataumia. Afike siku kumi au zaidi kabla, au afike siku moja tu kabla. Siku ya tatu na ya nne ndizo mbaya zaidi. Mwezi wa Julai bebeni sweta na blanketi, kwa kuwa kijana wa Lamu aliyetetemeka usiku kucha hana misuli asubuhi.

Siku yenyewe

Ratiba huchapwa kwa saa za kizungu. 10:00 ni saa nne asubuhi, si saa kumi. Kosa hili limeua ndoto nyingi kimyakimya, maana kijana anaamka ametulia, anajua ana mchana mzima. Andikeni ratiba yenu upya kwa saa zetu, mkiweka zote mbili ubavuni, na mbandike mlangoni.

Kisha hesabuni kurudi nyuma. Tuseme mchujo wa mita 100 ni saa nne kamili, na wito unafungwa dakika 25 kabla: saa tatu na dakika thelathini na tano. Awe mlangoni saa tatu na dakika ishirini. Kupasha mwili ni dakika 45, kwa hivyo aanze saa mbili na nusu. Basi la kijiji cha wachezaji liondoke saa moja na nusu, chakula saa kumi na mbili na nusu. Asiyekuwepo jina linapoitwa hufutwa, na hakuna rufaa ya basi lililochelewa.

Kikao cha kiufundi hufanyika siku moja kabla, na humo ndimo majina yanathibitishwa. Asiyethibitishwa huondolewa. Vikao viwili vikigongana, na vitagongana, mwalimu aende kimoja na mkuu wa msafara kingine, akiwa na barua ya kumwakilisha. Ulizeni mambo manne: wito unafunguliwa na kufungwa lini, urefu wa meno ya viatu unaoruhusiwa, wangapi wanapita kila mchujo, na rufaa inalipiwa kiasi gani na ndani ya dakika ngapi.

Meno ya viatu kwenye uwanja wa riadha wenye sakafu ya raba hayazidi milimita 9, na 12 kwa mkuki na kuruka juu. Waandaaji wanaweza kutaka mafupi zaidi. Soli isizidi milimita 20, kwa kanuni iliyoanza Novemba 2024, kwa hivyo viatu vinene vya barabarani vitakataliwa. Kukimbia miguu mitupu kunaruhusiwa, lakini sakafu ya raba saa saba mchana inachoma nyayo, na malengelenge ya mchujo hayaponi kabla ya fainali. Namba za kifua na mgongo zinataka pini 8 kwa kila mtu, bebeni 100.

Mwalimu ni mmoja na viwanja ni vingi. Chorea kila siku jedwali la mistari mitatu: nani anashindana, wapi, nani yuko naye. Pale ambapo nafasi ya tatu ni tupu, mchezaji aliyekwisha maliza awe msindikizaji wa mwenzake, akiwa na maji, kijaruba cha pini na simu yenye salio.

Kabla ya kupanda basi la kurudi, chukueni nakala ya matokeo rasmi ya kila mchezaji yenye muda, kipimo cha upepo na sahihi, na mzipige picha. Karatasi hiyo ndiyo itakayojaza fomu ya mwaka ujao, na ikisahaulika mezani Mombasa, kijana anaanza tena kwa saa ya mkono ufukweni Shela.